Nilinunua bastola ndogo kuliko zote dukani, haya ndo yaliyonikuta

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambaye kibali chake cha kumiliki silaha ameshakipata au yuko njiani kukipata, na sasa anawaza achukue bastola gani ya kutembea nayo mwilini bila watu kujua. Mi nilikosea karibu kila hatua, na makosa mengine yangeweza kumuua mtu asiye na hatia, kwahiyo sitaficha kitu.

Nilianza kutafuta bastola baada ya kuvamiwa. Kazi yangu inanilazimu kutembea na hela za watu, sasa jioni moja wakanifuata wawili, wakanipiga, wakachukua kila kitu wakaniacha na taya limevunjika. Nilikaa miezi silali vizuri, mlango ukigongwa nashtuka, mtu akitembea nyuma yangu hatua mbili tatu moyo unaenda mbio mpaka nasimama apite. Nalisema hili kwasababu ile hali ndo iliyonifanya ninunue vibaya. Nilitaka nitoke dukani siku hiyohiyo nikiwa najisikia salama, basi, mengine yote sikutaka kuyasikia. Mke wangu aliniambia "baba watoto, subiri kwanza utulie, hiyo kitu haina haraka" nikaona hanielewi. Alikua sahihi.

Mambo ya kibali sitayaeleza sana maana kila nchi ina sheria zake, ila kitu kimoja nisisitize: sehemu nyingi ruhusa ya kumiliki na ruhusa ya kubeba mwilini ni vitu viwili tofauti, na hata ukiwa nayo ya kubeba kuna majengo huruhusiwi kuingia nayo na mpaka wa nchi huvuki nayo hivihivi. Nenda uliza ofisi inayohusika, soma karatasi yako mstari kwa mstari, usiridhike na maneno ya muuzaji wala ya rafiki yako.

Haya, dukani nikaomba ndogo kuliko zote. Muuzaji akanitolea kibastola chepesi, kinalala kwenye kiganja, kinaingia mfukoni, risasi 6 kwenye magazini (kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini). Nilipokishika kidole cha mwisho hakikupata pa kukaa, kikabaki kinaning'inia chini ya mpini. Nikaona kawaida. Sikupiga hata risasi moja kabla ya kulipa.

Aibu ya kwanza ilikua kwenye risasi zenyewe. Mi nilikua najua nimenunua bastola ya milimita 9, kwahiyo nikachukua maboksi ya risasi za milimita 9, nimefika nyumbani haziingii. Kumbe kuna milimita 9 na milimita 9! Ile ambayo watu wengi wakisema "tisa" ndo wanaimaanisha ni 9x19, ya tangu enzi za Georg Luger, 1902. Yangu ilikua 9x17, ndo hiyo wanayoiita .380, ya John Browning, 1908, upana unakaribiana lakini ganda ni fupi kwa milimita 2 na nguvu ni ndogo. Halafu kuna 9x18 ya Makarov, nayo kivyake. Risasi ya bastola nyingine usiijaribu hata kama inaonekana inataka kuingia. Soma kilichochorwa kwenye mtutu, soma kitako cha risasi, vifanane, ukiona havifanani rudisha dukani. Maboksi yangu walikataa kuyapokea, ile hela ikaenda.

Sasa renji, yaani uwanja wa mazoezi ya shabaha. Nilikua nimejiaminisha kwamba kwa vile ni ndogo na risasi yake ni dhaifu, basi itapiga teke dogo. Risasi ya kwanza ikanigonga kwenye mfupa wa chini ya kidole gumba kama mtu kanipiga na nyundo, na nilipofika ya kumi na tano ngozi kati ya gumba na shahada imechubuka, damu inatoka. Mita 7, karatasi kubwa kama kifua cha mtu, risasi karibu nusu hazikugusa hata karatasi. Nikarudi nyumbani nimenyamaza. Nilinunua kitu cha kunitoa hofu na sasa nina hofu mbili, ya wale watu na ya bastola yangu mwenyewe.

Nilikaa kama mwezi sijarudi renji, na huku natembea nayo kila siku. Naomba hapo unielewe vizuri: natembea kati ya watu na silaha ambayo siwezi kulenga. Risasi ikitoka kwangu ikamkosa niliyemlenga, inaenda kwa nani? Hilo swali sikulijiuliza mpaka nilipoulizwa na mwalimu.

Mwalimu nilimpata baadae, mzee mmoja mpole ambaye hapandishi sauti, na hela niliyomlipa yeye naihesabu ndo hela pekee niliyoitumia vizuri mwaka ule. Siku ya kwanza hakunifundisha kulenga. Alichukua magazini zangu akaniambia nigeuke, akajaza mwenyewe, akachanganya risasi za kweli na za bandia bila kuniambia. Napiga, pa, napiga, pa, ya tatu triga inabonyea kimya, na mtutu ukazama chini kama nimeangukiwa na kitu mkononi. Hakuna risasi iliyotoka, lakini mkono wangu ulikua umeshaogopa kabla. Akasema "umeona bwana? Bastola haijakukosesha, wewe unaikimbia." Kile kibastola kilikua kimeshanifundisha kuogopa, na tabia hiyo kuitoa ilichukua miezi.

Alinieleza pia kwanini kidogo kinapiga vile, na hili ndo ningetamani muuzaji angeniambia. Uzito wa bastola ndo unaomeza lile teke, ukipunguza chuma basi kinachobaki cha kumeza ni mkono wako. Halafu bastola nyingi ndogo za .380, hasa za muundo wa zamani kama ile Walther PPK ya 1931, hazina kufuli kati ya mtutu na slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukipiga), slaidi inazuiliwa na uzito wake na springi tu, inarudi nyuma yote kwa mpigo. Ndo maana springi yake ni ngumu na kukoki, yaani kuivuta slaidi nyuma kwa mkono, ni kazi, mtu mwenye vidole dhaifu anahangaika. Bastola nyingi za 9x19 za leo mtutu na slaidi vinafungana, vinarudi pamoja kidogo ndo mtutu unainama kuachia, teke linakuja taratibu. Yaani yenye risasi kali zaidi inaweza kupiga teke laini zaidi mkononi. Mi nilikua nimepanga kichwani kinyume kabisa.

Na triga. Kuna bastola triga yake inataka nguvu ya kilo 2 na nusu hivi, kuna revolva (zile za silinda inayozunguka) ndogo za risasi 5 ambazo kuvuta mpaka ifyatuke unavuta kama kilo 5. Sasa fikiria kitu chenye uzito wa nusu kilo unakivuta kwa nguvu ya kilo 5 kwa kidole kimoja, kitatulia? Kinaweza, lakini kwa mazoezi marefu sana. Watu wanamwambia kila anayeanza, na hasa akina mama, "chukua revolva ndogo, ni rahisi". Ni rahisi kuelewa, haigomi ovyo, hilo kweli. Kupiga nayo shabaha ni jambo la mtu aliyekomaa.

Kingine ilikua inakwama. Kila magazini mbili tatu ganda la risasi linasimama wima mdomoni mwa slaidi kama bomba la moshi. Nikailaumu bastola. Mwalimu akaichukua, akapiga risasi 30, haikukwama hata mara moja. Ilikua kifundo cha mkono wangu, kilikua kimelegea, slaidi ili irudi nyuma vizuri inahitaji mkono ulioshika imara, na mkono wangu ulikua unarudi nyuma pamoja nayo. Mpini mfupi ndo unazidisha tatizo maana huna pa kukamata.

Nije kwenye holsta sasa, yaani ala ya kuvalia bastola mwilini, maana hapa ndo palipotaka kuniua.

Baada ya kuilipia bastola nilikua sina hela, nikachukua holsta ya kitambaa laini ya bei ya chini kabisa, ya kuingiza ndani ya suruali, na mkanda wangu ni uleule wa kawaida wa ofisini. Mkanda ukawa unalegea, bastola inainama nje, mpini unachomoza, nikawa naigusagusa kila dakika, na ukitaka kumjua mtu aliyebeba mwangalie mkono wake unakwenda wapi. Ile holsta ukitoa bastola mdomo wake unajifunga. Siku moja nairudisha nikiwa nimesimama chooni, nasikia inagoma kuzama, nikataka kuisukuma. Sijui nini kilinizuia. Nikatoa nikaangalia, pindo la shati lilikua limeingia ndani ya kikingio cha triga, na ukingo wa kitambaa cha holsta nao umekunjamana hapohapo. Mtutu ulikua unaangalia paja langu, upande wa ndani unapopita mshipa mkubwa wa damu. Risasi ikikata mshipa ule una dakika chache tu. Nilikaa chini kwenye sakafu ya choo nikalia, sioni aibu kulisema.

Holsta nzuri ni ngumu, imetengenezwa kwa umbo la bastola yako hiyohiyo na sio "inafaa zote", inafunika triga yote pande zote mbili, inabaki wazi bastola ikitoka, na inashika hata ukiigeuza kichwa chini (jaribu ikiwa tupu, juu ya kitanda). Wengi wanazitengeneza kwa plastiki ngumu ile ya kaideksi. Na kurudisha hakuna haraka yoyote duniani: kidole nje ya triga, nguo vuta pembeni, angalia kwa macho, taratibu, ukisikia inagoma toa. Mkanda nao uwe mgumu usiojikunja kwa uzito. Mi kabla sijatulia nilikua nimeshanunua holsta tatu na mikanda miwili, jumla yake pamoja na risasi za mazoezi imepita bei ya bastola yenyewe. Kwahiyo ukipanga bajeti usipeleke yote kwenye bastola, gawa, nusu tu iwe bastola.

Baada ya siku ile ya choo niliogopa kuiweka kiunoni. Nikaihamishia kwenye begi dogo la begani. Hili kosa nalieleza kwa kifupi kwasababu mpaka leo linanitoa jasho. Nilienda kumsubiria mtoto kwa daktari wa meno, nikaweka begi kwenye kiti cha pembeni, tukaitwa ndani, tukatoka kwa mlango mwingine, tukaondoka. Nimeshaendesha kama dakika 20 ndo nagusa bega. Sikumbuki nilivyorudi. Begi lilikua palepale kwenye kiti, na kwenye kiti cha pili yake amekaa mtoto wa kama miaka 5 anachezea simu ya mama yake. Zipu ilikua imefungwa. Hakuna aliyejua. Usiku nilimwambia mke wangu, akanisikiliza mpaka mwisho akasema "kesho hiyo kitu inakaa ndani ya sefu na haitoki mpaka ujue unachokifanya", na sikubishana.

Ilikaa miezi minne. Hiyo miezi nikawa naenda renji kila wiki na mwalimu, napiga bastola zake na za kukodisha. Hii ndo njia niliyotakiwa kuanza nayo. Nilishika aina tisa. Kuna ile Glock 19 ambayo iko sokoni tangu 1988, mtutu wa milimita 102, risasi 15, ikijazwa ina kama gramu 850, hapo vidole vyote vitatu vinakaa kwenye mpini na nilipopiga nikaona karatasi inatoboka pale ninapotaka, nikahisi machozi yanakuja. Nikaona ni kubwa kwa nguo zangu lakini. Kuna zile nyembamba za risasi 6 au 7 ambazo zilitamba kabla, mfano Glock 43 ya 2015, zinajificha vizuri ila mkononi kwangu zinaruka. Kisha mwaka 2018 SIG Sauer wakatoa P365, wakapanga risasi 10 kwenye kitu kidogo hivyo, kama nusu kilo ikiwa tupu, na baada ya hapo makampuni mengine yakafuata njia hiyohiyo, ndo maana leo mnunuzi ana bahati kuliko miaka ya nyuma, hulazimiki kuchagua kati ya ya kuficha na ya kupiga.

Jambo lililonifungua macho ni kwamba mtutu sio unaoonekana kwenye nguo. Mtutu umezama ndani ya suruali, urefu wa ziada wa sentimita mbili hakuna anayeuona, na hata unasaidia bastola isipinduke kwa nje. Kinachochora kwenye shati ni mpini. Kwahiyo unapopima, pima mpini: uwe mrefu kiasi vidole vitatu vipate pa kushika, usiwe mrefu kupita hapo. Nilichukua ya daraja la katikati, mtutu zaidi kidogo ya milimita 90, risasi 12, na nikanunua holsta yenye kibawa kidogo kinachosukuma mpini uje mwilini. Shati nikaongeza saizi moja, rangi nzito au lenye michoro. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kama nakuwa na wewe dukani leo ningekuambia hivi. Shika kwanza (mwombe muuzaji aihakikishe tupu mbele ya macho yako, na wewe hakikisha tena), mfupa wa mkono ulingane na mtutu, kidole kifike kwenye triga kwa ile nyama ya ncha yake bila kusogeza kiganja. Koki mara kumi, mikono isichoke. Toa magazini, rudisha, tafuta vitufe bila kuangalia. Alama za kulengea uzione haraka. Yenye sefti ya kidole (kile kitufe cha kuzuia isifyatuke) au isiyo nayo, zote sawa, mradi ukichagua moja ufanye mazoezi na hiyohiyo tu, sio leo hii kesho ile. Halafu ukapige angalau risasi 50 kwenye bastola ya aina hiyo ya kukodi au ya kuazima renji kabla hujatoa hela. Ukiambiwa haiwezekani kujaribu, tafuta mahali panapowezekana hata kama ni mbali.

Na ukishanunua usiivae siku hiyo. Mwalimu alinitaka nipige risasi 200 bila kukwama hata moja, na kati ya hizo 50 ziwe za aina ileile nitakayotembea nayo, kwasababu kuna bastola inameza risasi ya mazoezi vizuri halafu inagoma ile nyingine. Yangu ilikwama ya 140, ikawa ni magazini mbovu, nikabadilisha, nikaanza kuhesabu upya kutoka moja.

Yapo madogo madogo ambayo hakuna anayekuambia. Jasho linakula chuma, hasa upande unaogusa ngozi, mi nafuta kila jioni na kitambaa chenye mafuta kidogo. Risasi ile ya chemba, iliyokaa tayari nyuma ya mtutu, ukiitoa usiku na kuirudisha asubuhi kila siku, kichwa chake kinasukumwa taratibu kuzama ndani ya ganda, na risasi iliyozama presha yake inapanda vibaya, kwahiyo ilinganishe na nyingine, ukiona imefupika iweke pembeni ipelekwe renji. Pia kinga ya masikio na macho kila unapopiga, hata risasi moja tu.

Zile kanuni nne za Jeff Cooper, mwanajeshi wa Marekani aliyeanzisha shule ya bastola Arizona mwaka 1976, nimezibandika ndani ya mlango wa sefu: chukulia kila silaha imejaa, usiielekeze kwa usichotaka kukiharibu, kidole mbali na triga mpaka umelenga, jua shabaha yako na kilicho nyuma yake. Watoto wangu wanajua namba mbili kati ya hizo kwa moyo. Namba ya sefu hawaijui, na hawataijua.

Kitu nisichokitegemea ni jinsi nilivyobadilika. Mtu akinitukana barabarani nampisha. Pombe siku ya kubeba hapana, hata glasi moja. Ubishi wa foleni nauacha, nanyamaza, naondoka, maana najua ugomvi wowote nitakaouingia una bastola ndani yake, na nimeileta mimi. Usingizi umerudi lakini sitasema ni bastola iliyourudisha, nilienda pia kuongea na mshauri wa mambo ya akili kwa miezi kadhaa, na ningeanza na yeye kama ningeweza kurudisha siku nyuma.

Kile kibastola cha kwanza bado ninacho. Juzi jamaa mmoja mwenye kibali alitaka kukinunua, anasema anatafuta ndogo kuliko zote. Nikamwambia karatasi tutafanya kwa utaratibu wote ila kwanza twende renji upige risasi hamsini. Alipiga magazini mbili, akakiweka mezani mtutu ukiangalia shabaha, akaangalia kiganja chake, kisha akaniuliza hiyo nyingine huwa naiweka wapi, maana tumekaa pamoja asubuhi nzima na hajaiona.